Dobi Anayefuga Maharamia wa Mto

“Kifungo cha pembe hakiyeyuki kwa sabuni, dobi wewe! Kingekuwa cha sukari ningenyamaza!”

“Mzee wangu, nimekitafuta. Nimeinua mpaka beseni la kuloweka.”

“Umetafuta kwa macho au kwa kope?”

Ni saa tisa alasiri, Jumamosi, na mlangoni pa chumba cha dobi hapapiti hata kuku, majirani wamejaa. Anayefoka ni jirani wa mlango wa tatu, mkata tiketi mstaafu wa kivuko, ambaye ua mzima unamwita Tiketi, mbele yake na nyuma yake. Ameshika koti jeusi lenye vifungo vitatu vya pembe na cha nne cha plastiki, kilichoshonwa kwa adabu zote lakini kinaonekana kama jino la bandia. Kesho binti yake wa mwisho anahitimu uuguzi, na koti hilo ndilo aliloapa kulivaa.

Dobi, mwanamume wa miaka arobaini na mmoja mwenye viganja vilivyoparara kwa maji na sabuni, amesimama na pasi mkononi. Jasho linamtoka, na si la joto la pasi peke yake. Ukutani nyuma yake kuna kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HAPA HAKIPOTEI KITU.

Nyumba kumi na mbili za ua huu ndizo nusu ya kazi yake. Siku njema anapiga pasi nguo hamsini, siku ya mvua hazifiki ishirini, na kodi ya chumba peke yake inameza mapato ya siku tisa za kila mwezi. Tiketi ameshatangaza kwamba jua likizama bila kifungo atapita mlango kwa mlango, awaambie watu watafute dobi mwingine. Na mdomo wa Tiketi, waulize jirani zake, haujawahi kuchoka njiani.

Basi Tiketi anaingiza mguu mmoja ndani apate kufoka vizuri zaidi, na macho yake yanapita begani kwa dobi, yanatua mezani.

“Na kile nini?”

Wote wanageuka kutazama.

Nusu ya meza ya kupigia pasi imefunikwa shuka kuukuu lililochorwa mto wa buluu. Kando ya mto kuna vijiji vya maganda ya kiberiti, na ndani ya mto kuna vifungo vya kila rangi. Pale mto unapokata kona, peke yake, mnene na mweusi, kimekaa kifungo cha pembe.

“Yule ni Mkuu wa Maharamia,” anajibu fundi baiskeli aliyeketi mezani, kabla hajapima anachosema.

Dobi angeweza kukana. Kifungo hakina jina wala alama. Anakitazama, anakitazama na kibao chake ukutani, halafu anaiweka pasi chini.

“Mzee, ni chako,” anasema mbele ya wote. “Nina makopo mawili. Moja la vifungo vyenye wenyewe, moja la vifungo yatima, vile vilivyokaa miezi mitatu bila kuulizwa. Hicho nimekitupia kwenye kopo silo. Wiki tatu nimekisaka chumba kizima, na wiki tatu hizohizo nimekisukuma mtoni kwa kidole changu mwenyewe.”

Majirani wanaangua kicheko. Tiketi hacheki, lakini mguu wake wa pili nao umeshaingia.

“Kishone,” anasema. “Nakaa hapahapa nikione kwa macho yangu.”

Mchezo wa mezani uliokimeza kifungo hicho, dobi alifundishwa miaka sita iliyopita na mpangaji mmoja aliyekuwa akileta mashati yake na kusubiri yakauke. Hauna ubao wala mshindi. Kila mchezaji anabeba mtu mmoja wa kubuni: mchawi, mwizi, jitu, chochote. Dobi anasimulia dunia yao na kuwasemea wengine wote, maadui wakiwa wa kwanza. Jambo likiwa na shaka, dadu linaamua. Mikono yake iko kwenye pasi, mdomo wake uko mtoni.

Alianza na majoka na mizimu. Hawakumfaa.

“Joka ukiliua, umemaliza. Mzimu nao hauna shida ya chakula,” anaeleza akitunga uzi sindanoni. “Lakini haramia wa mto ana mke kijijini, ana shemeji anayemfichia mashua, ana bibi anayemgomba. Kila anachoiba kuna mtu anakinunua. Ukimpiga, kijiji kizima kinakununia. Halafu mto hauna uchochoro. Unataka kwenda, utapita kwake tu.”

Wachezaji wake wa Jumamosi ni watatu: fundi baiskeli, mwokaji mikate wa barabara ya pili, na mama mzaa mke wa dobi mwenyewe. Huyo wa tatu ndiye mtihani.

“Mama, naomba radhi sana,” dobi huanza, ameinamisha kichwa kama mkwe aliyelelewa, “lakini haramia amekupiga kasia la kisogo.”

“Nimekusamehe, baba,” hujibu mama mkwe. “Yeye simsamehi. Namng’ata.”

Kwa miezi saba sasa wamekuwa wakipanda mto kuwakomboa wasuka upepo sita, watu pekee duniani wanaojua kufuma upepo wa tanga. Maharamia waliwateka, na tangu hapo hakuna mashua ya tanga iliyopanda mto. Wiki iliyopita waliwatoa ngomeni. Imebaki kona moja tu kabla ya kufika nao nyumbani, na kona hiyo ndiyo ya maharamia.

“Ila mkuu wenu nimemchukua,” anasema Tiketi kutoka kwenye kigoda, akitazama sindano inavyoingia na kutoka. “Vita vimekwisha. Nendeni makwenu.”

“Wee!” mama mkwe anamgeukia. “Uliyemwondoa ndiwe utakayemsemea. Sogea mezani.”

“Mimi? Na utu uzima huu?”

“Nina miaka sabini na mbili na ni mwizi wa usiku. Sogea.”

Tiketi anasogea, kidogo, kama mtu anayekwepa jua. Anauliza maharamia wake wana nini. Mikuki, anajibiwa, na mishale, na mamba wawili wanaosikia lugha ya watu. Anasonya.

“Ndiyo maana hamshindwi. Maharamia gani wajinga namna hii? Ukimwibia abiria leo, kesho atapita wapi? Mimi nimekaa kivukoni miaka ishirini na sita. Mtu mwenye panga anakimbiwa. Mwenye tiketi anapangiwa foleni.” Anapiga meza kwa kidole. “Haya. Hakuna mishale. Nimeweka kamba, nimeweka meza, nimeweka mamba mmoja huku na mmoja huku wakague. Kila kichwa kinachopita kinakata tiketi.”

“Bei gani?” anauliza mwokaji.

Tiketi anafikiri.

“Jina lako. Unavuka salama, lakini jina linabaki kwangu. Ukifika kwenu mama yako atakutazama, hatajua akuite nani.”

Sindano inasimama hewani. Miaka yote aliyofuga maharamia, dobi hajawahi kuwaza bei ya namna hiyo.

“Vichwa tisa,” anasema mwokaji polepole, “majina tisa. Tutakuwa tumewakomboa wasiojulikana na mtu.”

Wanapiga mahesabu ya kuzama chini ya kamba, kuna mamba. Ya kupita nchi kavu, kuna kijiji cha mashemeji wa maharamia. Fundi baiskeli anataka kupigana, anakumbushwa kwamba mkuki wake ulivunjika mwezi wa tatu. Ni mama mkwe anayemwinamia Tiketi, sauti tamu kama ya mtu anayeomba chumvi.

“Hebu niambie, baba. Kwenye kivuko chenu, mtoto wa mgongoni alikuwa analipa?”

“Mgongoni? Hapana. Wa mgongoni hakatiwi tiketi.”

“Hata akiwa mkubwa?”

“Kipimo ni mgongo, si umri. Sheria ni sheria. Kuna mama alimbeba kijana mwenye ndevu zake, nikamwacha apite. Alikuwa mgo…”

Anajishika mdomo. Amechelewa.

“Jitu!” mama mkwe anapiga kelele. “Tubebe wote!”

Fundi baiskeli, ambaye mtu wake wa kubuni ni jitu lenye mabega ya lango, anahitaji kumi au zaidi kwa madadu mawili ili ainue watu wanane. Anayapuliza. Anayatupa. Moja linaanguka sita. La pili linazunguka, linagonga pasi, linalala: tano.

Watoto wa mlangoni wanaruka. Tiketi naye amesimama, amesahau kigoda, lakini hajakubali.

“Bado! Wa mgongoni wamepita, sawa. Mbebaji ana kichwa. Jitu, jina lako. Weka mezani.”

Fundi baiskeli anakuna kidevu.

“Sina.”

“Huna nini?”

“Jina. Siku ya kwanza dobi aliniambia niandike, nikasema nitafikiria. Mpaka leo nafikiria. Wananiita Jitu tu.”

Tiketi anamtazama dobi. Dobi, ambaye kanuni za mchezo ziko mikononi mwake, anatikisa kichwa kwa masikitiko ya uongo: asiye na jina hana cha kuacha. Apite.

Mzee wa watu anacheka mpaka anashika ukuta. Anacheka kwa kifua kizima, anapangusa machozi kwa mkono wa koti ambalo dobi amemvisha bila yeye kujua, kifungo cha nne kikiwa mahali pake. “Nimeibiwa kihalali!” anasema. “Miaka ishirini na sita hakuna aliyenipita, leo nimepitwa na bibi kizee na jitu!”

“Bibi kizee nani?” anauliza mama mkwe.

Na vipi kuhusu kupita mlango kwa mlango? “Napita,” anasema Tiketi, na dobi anashtuka. “Nawaambia dobi huyu akikosa anakiri mbele za watu. Wangapi wanafanya hivyo? Halafu nawaambia Jumamosi ijayo nalipiza kisasi, waje mapema wapate nafasi.”

Nafasi ndiyo kilio kikubwa cha dobi. Anataka kutengeneza meza ya pili aiunge na hii, na mkewe, anayeshona viraka vya wateja, ameshamtengea shuka jingine.

“Mto wangu haujafika baharini,” anasema dobi, akipima ukuta kwa shubiri. “Nikipata mita mbili zaidi, utafika. Na huko baharini sijui kuna nini. Huyu mzee ndiye atakayeniambia.”

Ni wakati huo mke wa Tiketi anapojitokeza mlangoni, mikono kiunoni.

“Nilimtuma kifungo. Naona amefungua ofisi.”

“Mama, usisimame nje,” anaita mke wa dobi kutoka jikoni, mwiko mkononi.

“Nimepika kwangu, mwanangu.”

“Hicho kitaliwa kesho na mhitimu. Sisi tumeshapakua, na sahani yako ninayo hapa mkononi. Vua viatu, ingia tule.”