Pindo la Vidole Vinne

Mtaani walimwita Mama Pindo, na jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na mbili alishona sare za shule mbili: ile ya kilimani yenye bwawa la kuogelea, na ile ya bondeni, ambako watoto watatu husoma kitabu kimoja. Sketi za kilimani alizikunja kidole kimoja tu, maana mtoto wa kule akirefuka hununuliwa nyingine. Za bondeni alizikunja vidole vinne. Kila mwaka mama mtu huja, fundi hufumua, sketi ikashuka na mtoto akapanda darasa.

Kwa hiyo Mama Pindo aliweza kukuonyesha maisha ya mtoto kwenye pindo lake, na jambo hilo lilimkera sana. Mtoto hajajua kuandika jina lake, kitambaa kimeshamwamulia.

Mwanzo wa mwaka alikuja mchukuzi wa sokoni na binti yake wa darasa la sita. Msichana hakutulia kupimwa. Alisoma namba za utepe kwa sauti, akamtajia fundi jumla ya kitambaa kabla fundi hajashika kalamu.

"Pindo usiweke kubwa," baba akasema. "Kidole kimoja kinatosha."

"Huyu bado anarefuka, baba yake. Mwakani utarudi hapa umenuna."

"Mwakani havai. Sare nyingine siiwezi, wadogo zake wanakuja. Atakaa nyumbani amsaidie mama yake."

Msichana akaacha kuhesabu.

Mama Pindo aliikumbuka sketi yake ya zamani. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la sita, sketi ilipompanda juu ya magoti na ndani hamna cha kushusha. "Umeshakuwa mkubwa," mama yake alimwambia, utadhani kukua ni kosa. Alikuwa na maneno ya kumpa yule baba, tena yenye pilipili, lakini aliyaona mabega yake yaliyochubuliwa na magunia, akayameza.

"Haya, nimesikia," akasema. Kusikia alisikia. Kukubali ni habari nyingine.

Alipokata sketi ile aliongeza kitambaa chake mwenyewe, akakunja vidole vinne, akashona pindo kwa mkono, mishono mirefu ya kufumuka upesi. Hakumwambia mtu.

Mwaka ukapita. Mchukuzi akarudi na sketi kwapani, binti nyuma yake, na nyuma ya binti kadogo kengine kanachungulia.

"Fundi, umenifanya nini?" akasema. "Nimemwambia basi, sketi imekuwa fupi. Akaigeuza ndani nje. Akaniambia, baba, darasa la saba hili hapa."

"Ukamjibuje?"

"Ningemjibu nini? Sababu yangu ilikuwa sketi."

Mama Pindo akachukua wembe, akafumua. Chini ya mkunjo kitambaa kilikuwa bado cha buluu iliyokolea, na macho yake yakalowa asijali nani anamwona.

"Na huyu mdogo anaanza la kwanza," mchukuzi akasema. "Mpime."

Dada mtu akashika ncha ya utepe, akaanza kusoma namba kwa sauti.

"Pindo vidole vingapi?" fundi akauliza, uso mkavu.

Mchukuzi akautazama mkono wake mpana, akaulaza juu ya meza ya kukatia.

"Weka kiganja kizima," akasema.