Bi Faili na Fomu Isiyohifadhika

Kwa miaka thelathini na mmoja, hakuna karatasi iliyowahi kupotea mikononi mwa katibu wa shule ile, ndiyo maana kila mtu alimwita Bi Faili. Ukimwomba barua ya mwalimu aliyehama zamani, anavuta droo ya tatu na kukupa kabla hujamaliza salamu. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye idara ya pensheni ilimwamuru ajaze fomu ya kustaafu kwenye kompyuta: kurasa kumi na nne, mwisho Ijumaa saa tisa. Akichelewa, pensheni yake ingesubiri mwaka mzima.

Jumatatu alijaza kutwa. Aliweka vituo vyote vya kazi na wategemezi wote, hata mama mkwe asiyempenda. Alipobonyeza kuhifadhi, programu ikamjulisha kwa adabu zote kwamba kujaza ni bure, ila kuhifadhi kunataka leseni ya kulipia. Akadhani ni vitisho tu, akafunga. Jumanne akaifungua, nyeupe pe!

"Hawa wana wazimu," alimwambia mkuu wa shule. "Yaani unaandika, ukiinuka tu kwenda chooni wino unafutika!"

"Tuiombe idara itununulie leseni," mkuu akasema.

"Tunaombaje?"

Mkuu akakohoa. "Kuna fomu."

"Ya karatasi?"

Mkuu akageukia dirishani.

Alhamisi alijaza upya, na safari hii hakuifunga wala kuizima. Alibandika onyo: ASIGUSE MTU, HATA MKUU. Mfagizi akawa anafagia kwa kunyata. Ijumaa asubuhi alipiga simu idarani kuuliza kama angeweza kuichapa awapelekee. Wakamjibu kwamba mambo ya karatasi yamepitwa na wakati, wanataka fomu iliyomo ndani ya kompyuta.

"Sawa," akasema Bi Faili. "Wataipata na kompyuta yake."

Akachomoa chaja, akaibeba laptopu ikiwa wazi, maana ukiifunika tu inazimika. Alikatiza mji mzima ameishika kama trei ya mayai, akiwafokea wapita njia wampishe. Alipofika dirishani kwa karani wa pensheni, betri ilibaki asilimia tano.

"Mama, ungeiweka kwenye flashi," karani akasema.

"Iweke wewe. Na ufanye haraka."

Karani akabonyeza kuhifadhi. Likatokea tangazo lilelile, na adabu zake zote. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatoa kwenye mtoto wa meza fomu ya karatasi yenye vumbi na kuanza kunakili kwa kalamu.

"Kumbe karatasi mnazo!"

"Polepole, mama, wakubwa wasisikie. Hata sisi hatuna leseni."

Bi Faili alitamani kumzaba kofi. Karani alipofika ukurasa wa pili, skrini ikazimika.

"Pole, mama. Itabidi ukajaze upya."

Bi Faili akampokonya kalamu. Kurasa zote zilizobaki alizijaza kutoka kichwani, mama mkwe akiwemo, kisha akasimama palepale mpaka muhuri ukagongwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika nne.

"Sasa nipe nakala yangu."

"Ya nini, mama? Hapa iko salama."

Bi Faili alitazama marundo ya fomu yaliyozagaa sakafuni nyuma ya karani, moja likiwa limezuia mlango usijifunge.

"Nakala yangu, baba," akasema.