Mtunza Uwanja wa Mazoezi ya Aprili

Ambrose alikuwa na ugomvi na mvua ya Landani. Mtu wa Kibosho, amekulia kwenye mvua za mlimani, hakuwahi kuiogopa mvua. Lakini hii ya hapa, jamani, haina adabu. Hainyeshi ikakwisha. Inadondokadondoka tu kama bomba bovu, na kila tone lililoangukia ule ukanda wa katikati wanaochezea kriketi, Ambrose aliona limemwangukia yeye kichwani.

Uwanja wenyewe uko nyuma ya maduka ya mtaa wa Rayners Lane. Zamani ulikuwa wa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Kiwanda kilipokufa, Wahindi waliotoka Moshi, Tanga na Kampala walichangishana, wanawake wakauza bangili zao za harusi, wakaununua. Mwenyekiti wao, Mzee Mahendra, alizaliwa Moshi, na Kiswahili chake ni kile cha sokoni hasa. Ndiye aliyeileta timu ya kulipwa. Kila Aprili, kabla ligi haijaanza, wachezaji wakubwa walikuja kufanyia mazoezi pale, na pango lao ndilo lililoulisha uwanja mwaka mzima. Ndilo lililomlipa Ambrose na kumpa kile kinyumba cha getini alichokaa na mkewe Anastasia. Wajenzi wa maghorofa walikuwa wanaumezea mate uwanja ule siku nyingi. Timu ikiacha kuja, kwisha habari.

Mwaka huu timu ilitoa neno mapema: mkaguzi atakuja mwisho wa Machi, akiridhika ndipo watakuja. Ambrose akashika kazi kama kichaa. Akaendesha rola ya kushindilia udongo huku na huku taratibu, akafagia, akaziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi.

“Ungenikanda mimi mgongo hivyo,” Anastasia akamtania, “ningekuwa bado msichana.”

Kisha Mama Elinaja akafariki, kule Wembley. Mtanzania gani wa Landani hakuwahi kulala kwenye kochi la Mama Elinaja? Ambrose alipofika na begi moja, mama yule ndiye aliyempokea, akamlisha, akamtafutia kazi. Asubuhi ya habari ile mvua ilikuwa inanyesha. Ambrose akaufunika ukanda wake kwa maturubai, akayakandamiza vizuri, akaondoka na mkewe, akilia.

Alidhani atarudi jioni. Wapi! Msiba si ofisi, useme zamu yangu imekwisha. Akawekwa kupokea wageni, akawekwa kwenye kamati ya kusafirisha mwili, akalala sakafuni na wafiwa wengine. Nje jua likatoka, jua kali la kushangaza. Nyasi zilizolowa zikifunikwa juani zinaoza, Ambrose alilijua hilo, na kila mara alitazama dirishani.

Mzee Mahendra akaja kutoa pole, kavaa nguo nyeupe, akakaa kando yake.

“Mzee, jua limetoka. Acha nikimbie mara moja nikafunue uwanja.”

Mahendra akamshika goti. “Utamwachaje mama yako, Ambrose? Watu watasemaje? Nyasi zitangoja. Kaa.”

Mkubwa kasema. Ambrose akakaa, mpaka mwili ulipopanda ndege.

Aliporudi kufunua, harufu ilimpiga usoni. Ukungu mweupe ulikuwa umetambaa kila mahali, nyasi zimegeuka njano, udongo laini kama ugali usioiva. Alifanya alichoweza. Mkaguzi alipokuja alibonyeza kwa kidole gumba tu, kidole kikazama. Akaomba radhi kwa upole, maana Waingereza hata wakikuzika watakuomba radhi, akaenda zake. Timu ikapata uwanja mwingine.

Wanachama wakaitisha mkutano. Ambrose alisimama mlangoni, kofia mkononi.

“Mtunza uwanja alikuwa wapi?” Alkesh akafoka. Huyu ni mwanachama aliyekuwa anataka uwanja uuzwe toka zamani. “Msibani! Wiki nzima! Kwani marehemu alikuwa nani wake? Uzembe mtupu. Aondoke, na uwanja uuzwe.”

Ambrose akamtazama Mzee Mahendra. Neno moja tu lilitakiwa: mimi ndiye niliyemwambia akae. Wenye busara mle ndani wangeelewa, wao pia wanakaa misibani. Pengine wangempa mwaka mmoja wa kuponya nyasi. Mahendra akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Ambrose naye akafunga mdomo. Angemsutaje mzee mbele za watu, kwenye uwanja walioununua kwa bangili za mama zao?

Wakapiga kura. Mikono ya kumkubali Alkesh ikainuka, mmoja mmoja. Mkono wa Mahendra ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka.

Nje, Ambrose alikuwa ameshafika getini mzee alipomfuata, anahema.

“Ambrose, kwa nini hukuwaambia kwamba ni mimi niliyekuzuia? Ungenitaja, nisingekana.”

“Nilikuwa nakungoja wewe, Mzee.”