Mama Alipopanda Paa la Hekalu

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu hapakuwa na mwanaume, na mimi sikuona kama kuna kitu kimepungua. Bibi hakujaaliwa kuzaa. Mume wake alipofariki, alichukua ng'ombe wake mwenyewe akaenda Nyanungu kumtolea Mama mahari. Kwetu Wakurya hiyo inaitwa nyumba ntobhu: mwanamke anaoa mwanamke mwenzake ili boma lisikose watoto, na watoto wanaozaliwa ni wa yule aliyeoa, nao humwita bibi. Ndivyo nilivyopatikana mimi, Gati. Baba mzazi simjui wala simtafuti. Shuleni wakinicheka kwamba nimezaliwa na wanawake wawili, nilikuwa nawauliza bibi zao wana ng'ombe wao wenyewe?

Tuliishi pembeni ya mji wa Tarime, na Mama alikuwa fundi. Kukandika ukuta kwa udongo ni kazi ya wanawake tangu zamani, lakini mkono wa Mama ulikuwa wa peke yake. Alitoka kwenye udongo akaingia kwenye saruji, akawa anapiga lipu mpaka unatamani kuupapasa ukuta. Kazi iliyomtoa ilikuwa hekalu la Wahindi.

Wahindi wa mjini kwetu walikuwa familia chache. Walianza kusali kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Kanti, picha moja ukutani na taa ya mafuta chini yake. Baadaye wakajenga ukumbi wa mabati kwenye kiwanja cha jirani. Siku za sikukuu zao walikuja wengine kutoka Musoma, na wengine wakivuka pale Sirari kutoka Kenya, ukumbi ukafurika hadi viatu vikajaa barabarani. Ndipo wakaamua kujenga hekalu lenyewe, la matofali, lenye mnara juu ya paa. Mtaani tuliliita kanisa la Wahindi, na maneno hayakukosekana: ndani wanafuga nyoka, ukila vitamutamu vyao unapoteza sauti. Mimi nilivila mara nyingi tu. Sauti yangu hii hapa.

Mama alipewa kuta za chini, akazichora maua ya saruji. Mnara walipewa mafundi walioletwa kutoka Mwanza, na maua yao yakatoka kama viazi. Mzee Kanti aliyatazama siku mbili, akaagiza yabomolewe. Akamfuata Mama.

"Mama Gati, huo mnara ni wako. Ukishindwa, nitaleta watu kutoka Kenya."

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana kwetu mwanamke hapandi paa. Akipanda, mwenye nyumba wake, yaani aliyemtolea mahari, anakufa. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Ulikuwa unaambiwa tu, kama unavyoambiwa usiguse moto, na sote tuliamini. Hata mimi, mpenda ubishi, niliamini.

Bibi alikuwa anachambua mboga Mama alipomweleza. Hakupandisha sauti.

"Bhoke, ukipanda paa mwenye nyumba anakufa. Na mwenye nyumba wako ni mimi."

"Mama, lile si paa lako."

"Paa ni paa."

Kesho yake asubuhi Mama alivaa suruali ya kazi, akachukua mwiko wake na pipa dogo la kuchanganyia, akaondoka. Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Nilimwona kama anayekwenda kumuua Bibi yangu kwa ajili ya maua ya saruji.

Siku ya nne Bibi akabanwa na kifua. Kukohoa alikuwa anakohoa tangu kiangazi, lakini safari hii alilala. Alikataa uji. Alitandika shuka jeupe kwa mikono yake mwenyewe, akajilaza chali, akafumba macho kusubiri. Nilikaa pembeni yake nikimtazama kifua kinavyopanda na kushuka, na kila kilipochelewa kupanda nilimtikisa bega.

Habari ilimfikia Mzee Mwita, mdogo wa marehemu mume wa Bibi. Huyu mzee alikuwa analimezea mate shamba letu tangu siku kaka yake alipozikwa. Alikuja na wanaume wawili wa ukoo, akakaa kitandani kwa Bibi bila hata kumpa pole, akatoa hukumu. Bhoke ashuke leo hii na aache ile kazi, la sivyo arudishwe kwao Nyanungu, na ng'ombe wa mahari warudi.

Hata mtoto wa umri wangu alijua maana yake. Wale ng'ombe ndio mjomba, kaka yake Mama, aliowatumia kuolea. Wakirudi, mke wa mjomba naye anaondoka. Mimi, kwa kuwa ni mtoto wa boma, ningebaki mikononi mwa Mzee Mwita. Nyumba yetu ya wanawake watatu ingekwisha mchana ule ule.

"Kamwite mama yako," Mzee Mwita akaniambia.

Nilikimbia mpaka mjini. Mama alikuwa juu kabisa, kwenye jukwaa la miti, uso mweupe kwa saruji. Nikapiga kelele kutoka chini.

"Mama, shuka! Bibi anakufa! Mzee Mwita anasema usiposhuka anakurudisha kwenu!"

Mwiko ukasimama. Mama akainama kunitazama.

"Nikishuka leo, Gati, sitapanda tena popote. Mwambie Bibi namheshimu kuliko mama aliyenizaa. Lakini sishuki."

Akanipa mgongo.

Nilirudi nyumbani nikilia, nikayasema maneno yote kama yalivyo. Mzee Mwita akapiga makofi. "Mmesikia wenyewe!" Bibi akafumbua macho.

"Amesema hivyo hivyo? Hashuki?"

"Hivyo hivyo, Bibi."

Basi yule mgonjwa wa kufa akaketi. Akatafuta fimbo yake, akatafuta kanga yake nzuri, akaagiza bodaboda. "Mura, kanisa la Wahindi," akamwambia kijana wa pikipiki, nami nikajibana nyuma yake nikimshikilia asianguke. Mzee Mwita na wenzake wakafuata kwa pikipiki nyingine. Wote tulijua Bibi anakwenda kumshusha Mama mwenyewe, pengine kwa fimbo.

Mzee Kanti alitupokea mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenye nyumba hii yuko wapi?"

Mzee Kanti akatuomba tuvue viatu, akatuingiza ndani. Kulikuwa na harufu ya udi. Mbele kabisa alikaa yule mungu wao wa kike, juu ya simba, amevishwa nguo nyekundu, mikono mingi, na kila mkono umeshika kitu chake. Bibi alimkagua kama anavyokagua ng'ombe mnadani, toka chini hadi juu.

"Huyu ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye, mama. Sisi tunamwita Mama."

"Mume wake?"

Mzee Kanti akajikuna kidevu. "Mume anaye, lakini nyumba hii ni ya kwake yeye."

"Watoto?"

"Watoto wake ni sisi sote."

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kumbe na ninyi mna nyumba ntobhu."

Mzee Kanti amezaliwa Tarime, alijua vizuri nyumba ntobhu ni kitu gani. Alifungua mdomo amsahihishe, akamtazama Bibi, akaufunga. Namshukuru mpaka leo. Badala yake alimpa kitamutamu kutoka kwenye sahani ya mbele ya mungu, na Bibi akakitia kinywani palepale.

Nje, Mzee Mwita alikuwa anasubiri. Kuvua viatu alikataa. "Haya," akasema, "mwambie ashuke."

Bibi akasimama kwenye ngazi za mlangoni, ameegemea fimbo.

"Mwita, kaka yako alipokufa mlikaa kikao cha mashamba. Mliniita?"

Mzee Mwita akawageukia wenzake.

"Mkichinja, ile nyama ya wanaume mnaniletea?"

"Shemeji, hayo mambo..."

"Kwenye kikao mimi ni mwanamke. Kwenye nyama mimi ni mwanamke. Leo anatafutwa wa kufa, ndiyo nimekuwa mwanaume? Thubutu! Mwenye nyumba hii ni mwanamke, na mimi ni mwanamke. Paa la mwanamke likipandwa na mwanamke, afe nani? Wewe?"

Vibarua waliokuwa wanachanganya zege waliangua kicheko. Bibi akainua uso juu, akaweka mkono kwenye paji kuzuia jua.

"Bhoke! Hilo ua la kushoto limepinda!"

"Naliona, Mama!" Sauti ya Mama ilikuwa imejaa machozi, hata mimi wa chini niliisikia.

Mzee Mwita na watu wake wakajiondokea. Neno la ng'ombe kurudi halikusemwa tena.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Bibi hakufika mavuno. Mnara ulikamilika, Mama akaendelea na kazi nyingine za juu hekaluni, na kifua cha Bibi kikazidi. Msibani Mzee Mwita alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Si mliambiwa?" Kwa miaka mingi nimekuwa nikimjibu, yeye na wanaofanana naye: ni kile kikohozi cha zamani, ni moshi wa jikoni, daktari alisema mapafu. Na ninajibu kwa hasira, kwa sababu kuna jambo ambalo sijawahi kulisema.

Siku mbili kabla ya kufa, Mama akiwa kazini, Bibi aliniita karibu. "Gati, lile paa limeniua," akasema. "Nilijua tangu mwanzo."

Nikaanza kulia, nikasema naenda kumwita Mama. Akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Ukimwambia atashuka. Na mimi nikishakufa halafu yeye akashuka, nitakuwa nimekufa bure."

Nilipokuwa mdogo nilidhani siku ile kwenye ngazi Bibi aliacha kuamini. Wapi! Aliamini mpaka pumzi ya mwisho. Aliwanyamazisha wanaume kwa hoja ambayo yeye mwenyewe haikumtuliza, kisha akarudi nyumbani kufa kwa kifo chake alichokichagua. Watu wananiuliza, wewe msomi, unaamini paa linaua? Nawaambia swali hilo halinihusu. Bibi yangu aliamini, na bado akasema Mama apande.

Hekalu limekua. Lina ukumbi wa chakula na vyumba vya wageni, na lipu yote ni ya Mama na wasichana aliowafundisha. Mwezi uliopita walimwita kwa mnara wa pili. Magoti yanamuuma sasa. Alisimama chini ya ngazi akaniuliza apande mwenyewe au awaachie wasichana.

Lile neno la Bibi sijamwambia mpaka leo. Niliishika ngazi kwa mikono miwili, nikamwambia apande.