Dawa Niliyoificha Kwenye Debe la Mbegu

Nakumbuka asubuhi niliyoficha chupa ya dawa ndani ya debe la mbegu za kunde, nikajiona mwanamke mwerevu kuliko wote huku kwetu Yatta. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mtoto mmoja, Mwende, aliyekuwa anakaribia miaka minne. Keti nikueleze nilichofanya, mwanangu, maana najua na wewe una chupa iliyobaki mahali fulani nyumbani. Usinitazame hivyo. Nyumba nyingi zinayo.

Kwanza ujue nilikuwa naishi na nani. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya mawe kule Lukenya na kurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nilikaa na mama yake, ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Kwetu mvua ikikataa hukataa kweli, na mama huyo alikuwa amezeeka akijua hivyo. Maji ya kuoshea mboga kwake yalitumika tena kuoshea vyombo, na ya vyombo yakaenda kwenye mche wa mpapai. Hakuna kitu kilichomwagwa katika ule ua. Nilimwogopa, na nilitamani sana siku moja anisifu.

Basi Mwende, ambaye alikuwa ameacha zamani kukojoa kitandani, akaanza tena. Nilimgombeza. Nikaanika godoro mbele ya nyumba ili aone haya, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa. Akienda haja ndogo alilia na kujibana, mkojo wake ulikuwa na harufu kali, kisha homa ikampanda. Jirani akasema ni malaria, nami nikawa tayari kununua vidonge dukani. Mwaitu ndiye aliyekataa, akasema mtoto apelekwe zahanati.

Sista wa zahanati alinipa kikopo kisafi, akaniambia nimwoshe mtoto vizuri halafu nikinge mkojo. Mwende aliogopa maumivu, akaubana karibu asubuhi nzima, nami nimechuchumaa na kikopo mkononi kama mtu anayekinga maji ya bomba lililokauka. Hatimaye ukapatikana, ukapimwa, tukaambiwa ana maambukizi kwenye njia ya mkojo. Akapewa antibiotiki ya unga ndani ya chupa. Sista alinionyesha jinsi ya kuichanganya na maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka kwenye alama, akasema nimpe asubuhi na jioni kwa siku saba, hata kama siku ya pili ataamka mzima. Niliitikia vizuri sana. Mimi siku hizo nilikuwa hodari wa kuitikia.

Siku ya tatu homa ilikuwa imeisha na Mwende alikuwa akifukuza kuku uani. Nikaitazama chupa, nikaona dawa bado ni nyingi. Nikafikiri, huyu amepona, ya nini kumaliza kitu kizuri bure? Kiangazi kinakuja, na homa nyingine haitakosa. Nikaifunga kwa kitambaa, nikaizika kwenye zile kunde ikae mahali pa baridi. Nilikuwa nangoja siku ya kumwonyesha Mwaitu jinsi nilivyojifunza kuweka akiba.

Siku hiyo ilifika upesi. Haikupita wiki mbili, homa ikarudi, safari hii na kutapika. Mwende alishika kiuno, akakataa kusimama. Nikakimbia kwenye debe, nikatoa chupa yangu, nikaitikisa, nikamimina kwenye kijiko. Mwaitu akaingia wakati huohuo, akauliza dawa hiyo imetoka wapi. Nikamweleza, na nakiri kwamba nilieleza kwa majivuno kidogo.

Akavuta kigoda akakaa.

"Mama Mwende, sista alisema siku ngapi?"

"Saba, Mwaitu."

"Na wewe ulimpa ngapi?"

"Tatu."

Alininyang'anya kijiko na chupa, akatembea polepole mpaka chooni, akamwaga dawa yote. Yule mama ambaye sikuwahi kumwona akimwaga hata maji ya vyombo. Aliporudi akampakata Mwende.

"Chakula tunaweka," akasema. "Mbegu tunaweka. Lakini hii dawa ilikuwa ya huyu mtoto yote, na wewe ukamnyima."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa, na nimewahi kusemwa kanisani, lakini hakuna neno lililonichoma kama hilo. Nilidhani nimeweka, kumbe nimenyima.

Tulimpeleka hospitali mjini Machakos, akalazwa. Daktari alisema ugonjwa umepanda kufikia figo. Akanieleza bila kunifokea kwamba dawa ya siku tatu ilikuwa imeua wadudu wanyonge tu, wale sugu wakabaki na kuongezeka, na sasa inabidi tutumie dawa nyingine, kali zaidi, ya sindano. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikiwa nimeshika kiatu kimoja cha Mwende, sijui kingine kilidondoka wapi. Niliogopa kwamba nitarudi nyumbani na kiatu hicho tu. Mwaitu alikaa kando yangu. Akaniambia, "Mimi ndiye niliyekufundisha kubania kila kitu. Hili kosa ni letu wawili." Akanishika mkono, na hapo ndipo nilipolia.

Siku ya tatu Mwende aliomba uji, na baadaye tukaruhusiwa kurudi nyumbani na chupa nyingine ya kumalizia. Mwaitu alichora mstari wa makaa kwenye ukuta wa jikoni kila mtoto alipomeza kijiko chake, asubuhi na jioni, mpaka mistari ikafika kumi na minne. Akachukua chupa tupu, akaiosha, akatia sindano zake za kushonea. Chupa hakuitupa, huyo hakuwa mtu wa kutupa chupa.

Mwende sasa ni mama, anaishi kwenye nyumba ya kupanga mjini Mlolongo. Mwezi uliopita binti yake alipatwa na ugonjwa uleule. Sikulala vizuri wiki nzima, ingawa sikumwambia. Kisha akanitumia picha kwa simu: karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa sababu mwenye nyumba hataki ukuta uchafuliwe, na juu yake mistari kumi na minne ya kalamu. Chini ameandika, "Mwaitu angeridhika."

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, au akilia akienda haja, au akiwa na homa usiyojua chanzo chake, usimwaibishe. Mpeleke akapimwe mkojo. Ukipewa dawa, mpe siku zote ulizoambiwa, hata akiwa anaruka juu ya viti. Ukiona siku mbili zimepita na homa haishuki, rudi naye. Siku zikiisha na dawa ikabaki, usimwekee ndugu yake wala jirani. Na kama ulikatiza, kama mimi, nenda ukaseme ukweli kwa sista. Atakugombeza kidogo, kisha atakusaidia.

Mungu akupe watoto wenye kelele, wanaofukuza kuku na kumaliza uji. Akupe na mtu wa kukunyang'anya kijiko siku utakapokosea. Sasa nenda nyumbani, utafute ile chupa ulipoificha.