Kumfuata Karani wa Weru hadi Riyadh

Nilikwenda Saudia kwa sababu ya kibao cha bati. Kilisimamishwa asubuhi moja katikati ya weru wa Mapangani, kijijini kwetu kaskazini ya Mombasa, kikiwa na maandishi meusi: ARDHI YA SERIKALI, USIINGIE. Weru ule ni malisho yetu. Ndiko kuliko kisima chetu, ndiko tunakokata nyasi, na ndiko walikozikwa wazee wetu. Sasa serikali ilitaka kuuzungushia seng'enge ifuge ng'ombe wake. Tulikuwa tumekwisha kuchagua wabunge watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa ahadi ile ile ya kuturudishia weru, na kila mmoja alikwenda Nairobi akanenepa huko. Uchaguzi mwingine ulikuwa njiani, na watu walikuwa wameapa kwamba safari hii masanduku ya kura yatarudi matupu kama yalivyokuja.

Afisa wa ardhi wa wilaya, alipochoshwa na barua zetu, alituita ofisini. "Daftari la mkoloni linasema wazee wenu waliulizwa mbele ya mpima ardhi, wakasema weru si wao," alisema. "Kama daftari ni la uongo, nileteeni maneno ya aliyeliandika. Kabla ya uchaguzi nitakuja kuuona huo weru mwenyewe."

Habari hiyo haikumshangaza mtu. Nimelelewa na kisa chake: babu yangu, Mzee Kombo, msemaji wa kijiji, alisimama mbele ya yule mpima ardhi wa Kizungu akadai weru kwa sauti iliyosikika hadi kisimani, na Suleiman, Mzanzibari aliyekuwa karani wa mudiri, mtawala wa eneo letu enzi za mkoloni, akahongwa akaandika kinyume. Kila mgombea ubunge alifungua hotuba kwa kumtukana Suleiman, nasi tukapiga makofi. Mimi mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi, niliwasimulia wanafunzi wangu kisa hicho kila muhula.

Suleiman alikuwa amerudi kwao Unguja, na baada ya Mapinduzi akahamia Uarabuni. Binamu yangu Athumani, dereva wa lori Jeddah, aliniandikia kwamba alimwona Riyadh kwenye baraza ya Idi, mzima wa afya, akila halua. Basi kijiji kikachanga nauli, kafili wa Athumani, mdhamini wake wa kazi, akanitolea viza ya ziara, nami nikaandika kwa hati nzuri karatasi ya kukiri uongo, iliyobaki kutiwa sahihi tu. Bibi yangu Mwanasha, mjane wa Mzee Kombo, alinipa nazi mbili kavu. "Mpe Suleiman," aliniambia. "Na usimfokee." Niliona ajabu kumpelekea zawadi mwizi, lakini bibi habishwi.

Jeddah, saa nane mchana. Mlango wa ndege ulipofunguliwa nilipigwa na joto nikadhani ni la injini, nikasogea kando. Kumbe ndiyo hali ya hewa. Forodhani askari alizitikisa nazi sikioni mwake, moja moja, akamwita mwenzake naye akatikisa. Kiarabu changu ni cha kuswalia, hakina neno la nazi, kwa hiyo niliigiza mtu anayekuna akiwa ameikalia mbuzi ya kukunia. Walicheka hadi wakasahau kupekua sanduku.

Athumani alinichukua hadi chumba chake mtaa wa Nuzha, alikoishi na madereva wenzake watatu, jiko moja na feni moja iliyogombaniwa kuliko mke. Jioni alinipeleka kuangalia bandari. Sijapata kuona meli nyingi hivyo zikiwa zimesimama bila kazi. Zilikuwa zimejaa saruji, na gati hazikutosha.

"Fulusi ya mafuta hiyo, yakhe," alisema Athumani. "Hawa wajenga nchi nzima kwa siku moja. Sisi kazi yetu kupakia na kwenda. Kesho alfajiri, yalla, Riyadh."

Kutoka Jeddah hadi Taif, lori la saruji lilipanda milima kwa mwendo wa mtu aliyebeba mtungi. Nyani walikaa kando ya barabara wakatutazama. Juu kukawa na baridi kidogo, tukanunua makomamanga, Athumani akaimba nyimbo za harusi za kwao Mombasa, zote, pamoja na zile zisizoimbwa mbele ya wanaume. Baada ya Taif milima iliisha, na kitu kingine chochote kikaisha pia. Kulikuwa na lami, mchanga, ngamia mmoja mmoja na mazigazi yanayong'aa mbali kama maji.

Karibu na Afif, siku ya pili asubuhi, tulisimamishwa na polisi kijana. Aliitaka ikama yangu, kibali cha ukaazi.

"Mafi ikama," Athumani akamjibu. "Ziara."

Akauliza mimi naenda kufanya nini Riyadh. Athumani, ambaye angeweza kusema naenda kumsalimu mzee, akamweleza mambo ya weru kuanzia mwanzo hadi kibao cha bati, kwa Kiarabu cha bandarini na mikono miwili nje ya usukani. Polisi alisikiliza, halafu akanyoosha kidole upande wa jangwa. Athumani akanitafsiria: malisho ya babu yake yalikuwa kule, ukoo mzima ulijua mipaka yake, na sasa ni ya serikali. Kila siku anayaona akienda kazini.

"Auliza, nyinyi mwapiga kura?"

"Tunapiga," nikasema.

"Auliza, yasaidia?"

"Mwambie bado."

Polisi akacheka, akanirudishia pasipoti na kutupa tende. Tuliondoka tukila tende zake, nami nikawa nimepoa moyo kidogo kwa kujua kwamba si sisi tu.

Riyadh, adhuhuri. Athumani aliliacha lori Manfuha, kwenye nyumba kuukuu za udongo wanakokaa vibarua wa kila nchi, akajilaza chini ya turubai. "Wewe enda kwa karani wako. Mimi halas, nimekwisha." Teksi ilinipeleka Malaz, mtaa wa majengo ya ghorofa yaliyopangwa sawasawa. Winchi zilikuwa kila upande. Binti wa karani, Bi Salma, alinifungulia mlango, akasikia natoka Mapangani, akaita ndani: "Baba! Watu wa weru wamekuja!"

Nilitegemea kumkuta mtu aliyejikunyata kwa dhambi. Bwana Suleiman alikuwa mzee mnene mchangamfu, kavaa kikoi na fulana, kakaa mbele ya kiyoyozi kipya alichokipenda kama mjukuu. Nilipompa nazi alizishika kifuani, macho yakamlowa. "Hapa tunapikia ya kopo, mwanangu," alisema. "Ya kopo!" Kisha akaomba karatasi yangu, akavaa miwani, akasoma taratibu hadi mwisho.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi, Bwana Suleiman."

"Hati nzuri. Lakini uongo mtupu. Hii sitii sahihi." Akaniwekea kikombe cha kahawa. "Sikiliza. Siku moja kabla ya kuja mpima ardhi, mie nilipanda baiskeli nikaja kwenu, nikamwambia Mzee Kombo: kesho mtaulizwa, semeni weru wenu. Akanambia ahsante sana karani. Kumbe moyoni kasema, huyu katumwa. Maana mwaka uliopita walikuja watu kuuliza minazi ya nani, na kila aliyesema yangu, kaletewa kodi."

Nikaweka kikombe chini.

"Asubuhi tunafika na Mzungu, weru mweupe! Umefagiwa wote, mavi ya mbuzi hata chembe hayapo. Alama za fagio ziko pale pale mchangani. Kisima wamekifunika makuti, wakamwagia mchanga juu. Mzungu akauliza, weru huu wa nani? Babu yako kavuta shuka yake vizuri, kasema: Bwana, hatuujui, hata kupita hatupiti. Mzungu akauliza, mbuzi mnao? Mbuzi? Hatufugi. Basi kabla hajafunga mdomo, ndani ya nyumba ya karibu, meee!"

Bwana Suleiman alilia kama mbuzi barabara kabisa, na Bi Salma jikoni akaangua kicheko.

"Mzungu akanambia andika. Nikaandika walivyosema. Ningeandika nini, mlio wa mbuzi?"

Mimi sikucheka. Nilimwambia, kwa sauti niliyoijutia baadaye, kwamba si haki kumsingizia maiti. Hakukasirika. Alininyooshea sahani ya tende.

"Babu yako alikuwa anawaokoa na kodi. Angejua ile ni hati ya kumilikisha ardhi, angelala juu ya weru asiondoke. Na mie, huko kwenu bado natajwa?"

"Kila uchaguzi," nikakiri.

"Kwa wema?"

Nikatazama kikombe changu. Nilikumbuka madarasa yote ambamo niliwafundisha watoto kumchukia mtu huyu aliyeniwekea kahawa kwa mkono wake, na niliona aibu iliyonifanya nitake kurudi Manfuha kwa miguu.

Siku iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, Bwana Suleiman aliniita mezani. Alikuwa amechonga penseli na kuweka karatasi safi. "Uongo sitii sahihi, lakini nitakuandikia niliyoyaona kwa macho. Mahali pasipo na mtu hapafagiwi, mwanangu. Ukingo wa kisima, siku ile niliyokuja kwa baiskeli, ulikuwa na michirizi ya kamba, imechimba jiwe. Makaburi yalikuwa yamepaliwa. Na mlio wa mbuzi, safari hii nauandika." Aliandika kurasa mbili, akatia sahihi na tarehe, kisha akaninong'oneza kwamba nisiposema wazee walikana, afisa hataamini mengine. Bi Salma alitupikia samaki kwa nazi ya Mapangani, na mzee alipangusa sahani kwa kidole.

Njiani kurudi Jeddah, lori likiwa tupu na jepesi, Athumani alinishauri bila kuulizwa. "Yakhe, ichane. Sema hukumwona. Wataka kusimama mbele ya kijiji useme babuyo ndiye aliyeutoa weru?" Nikiichana, kibao kitabaki na seng'enge itafuata. Nikiipeleka, jina la Mzee Kombo litakuwa kichekesho sokoni. Nilikunywa chai ya rangi kwenye kila kituo cha mafuta hadi Taif nikitafuta njia ya tatu, na hadi tunaiona bahari nilikuwa sijaipata.

Mapangani, Ijumaa baada ya swala. Mkutano ulijaa uwanja wa shule. Mgombea mpya alikuwa amekwisha kupanda mezani na, kama ilivyo ada, alianza na Suleiman: mwizi, msaliti, muuza ardhi. Makofi. Nikaona mikono ya wanafunzi wangu ikipiga pia. Hapo nilisimama, nikaomba nafasi, nikasoma kurasa zote mbili, pamoja na fagio, na shuka ya babu, na "hatufugi."

Mtu mmoja akapaza sauti: "Mwalimu kahongwa riyali!" Wengine wakaitikia, na mgombea akaniamuru nikae. Ndipo bibi Mwanasha aliponyanyuka mbele kwenye safu ya wanawake, akashika bega la jirani yake, akanyoosha kidole cha shahada chenye kovu. Kovu lile tulilijua sote. Siku zote alituambia ni la kisu.

"Mbuzi alikuwa wangu," alisema. "Nilimziba mdomo kwa mkono huu. Akaniuma, nikamwachia, akalia. Fagio nilishika mimi na mamazenu. Suleiman hakuongopa. Tulimwachia atukanwe kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema tuliogopa." Akakaa.

Mgombea hakuwa na hotuba nyingine, akashuka mezani. Jioni hiyo watu walicheka kwa mara ya kwanza tangu kibao kisimamishwe, na nilipopita sokoni nikaliliwa meee na watu wazima. Nilivumilia. Barua ya kumwomba Bwana Suleiman radhi ilitiwa sahihi na kila mtu anayejua kuandika, na nazi sita zikatafutiwa msafiri.

Nilijifunza hili kwa safari yote ile: tulipiga kura mara tatu tukitafuta mtu wa kutusemea neno ambalo sisi wenyewe tulishindwa kulisema tulipoulizwa. Kura tulipiga tena mwaka ule, masanduku hayakurudi matupu, lakini hatukumngoja mbunge.

Siku afisa wa ardhi alipokuja, saa tatu asubuhi, kijiji kizima kilikuwa weruni. Wanawake walikuwa wakiteka maji na wanaume wakikata nyasi. Kila mbuzi wa Mapangani alikuwa amefunguliwa tangu alfajiri, na wawili walikuwa wakijikuna kwenye kibao cha bati. Afisa alishuka garini na viatu vyake vyeusi vilivyopigwa rangi, akiwa mkononi na kurasa za Bwana Suleiman tulizompelekea. Alitembea hatua chache, akasimama, akanyanyua mguu mmoja kuangalia alichokanyaga.

"Weru huu ni wa nani?" akauliza.

"Wetu!" tukaitikia, hata waliokuwa kisimani.

Akatazama mbuzi, akatazama kiatu chake, akafungua daftari.

"Andika, baba," bibi Mwanasha alimwambia. "Leo hatukufagia."