Bernadeta na Ukurasa wa Nyuki

Siku hiyo tangu asubuhi Bernadeta hakushika kitu kikashikika. Uji uliungua, kanga alijifunga za doti mbili tofauti, akatoka kwake mtaani Cheyo na mjukuu wake Minza mgongoni, midomo inamchezacheza kama anayesali.

Ilikuwa Jumamosi ya zamu yake. Pale maktaba wapo akina mama wanaofundishwa kusoma, na anayemaliza ukurasa mzima mbele ya watu hupewa kiti cha msomaji. Huyo ndiye anayewasomea hadithi watoto wa mtaa kila Jumamosi. Anayeshindwa husubiri mpaka msimu wa tumbaku upite. Bernadeta alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote. Shule hakuiona; utoto wake uliishia porini Sikonge, akimshikia baba yake kamba ya kupandishia mizinga ya nyuki mitini. Basi angalau Minza akikua, akiulizwa nani alikusomea kwanza, ajibu: bibi.

Mwanne, mkutubi, akamsimamisha mbele na kumpa kitabu. Bernadeta akaona picha ya nyuki, moyo ukatulia. Nyuki tena!

"Nyuki wanakaa kwenye mzinga wa gome, juu kabisa ya mti," akaanza. Sauti ikamtoka tamu, watoto wakasogea. Akaja kwenye moshi, akaja kwenye asali nyeusi na asali nyeupe.

"Bibi," akasema msichana mmoja wa mbele, shingo kaikaza kuchungulia, "mbona hapo wameandika mzinga wa mbao?"

Bernadeta akatazama chini. Kidole chake hakikuwepo hata kwenye ukurasa. Alikuwa akiisoma Sikonge, si kitabu.

Mwanne, Mzaramo wa Kisarawe, akapiga makofi. "Jamani Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani wasiulize ni za nini. Na wewe Bibi Minza umekibeba kitabu hivyo hivyo, ya ndani huyajui!"

Watu wakaangua kicheko. Angesema mwingine lingekuwa tusi. Lakini Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, hiyo ni haki yake, na mtani hajibiwi kwa machozi. Bernadeta alikwishageuka kuelekea mlangoni. Akageuka tena.

"Walibeba kwa sababu ninyi mlikuwa mmelala minazini, mtani. Hebu nyamaza, watu tusome."

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Nyu-ki... wa-na-kaa... kwe-nye mzi-nga... wa mba-o." Alikwenda polepole, kama mtu anayevuka tope na ndoo kichwani. Lilipofika neno "wanapotawanyika" jasho lilimtoka. Akalikata vipande, akaviunga, likasimama. Minza akalia mgongoni. Bibi akamtikisa bila kuinua macho. Hakuna aliyemnong'oneza hata silabi, naye hakutaka anong'onezwe.

Alipofika nukta ya mwisho akina mama walipiga vigelegele mpaka wapita njia wakachungulia dirishani. Mwanne alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akisingizia vumbi.

"Haya mtani, umeshinda. Kiti kile pale ni chako." Akanyoosha mkono apokee kitabu.

Bernadeta akaenda akakaa kitini, akamfungua Minza na kumpakata. Kitabu hakukitoa.

"Bado," akasema, akilowesha kidole afunue. "Ukurasa wa pili sijui wamesemaje."